Kompyuta Isiyozimwa, na Historia ya Programu Zinazohama

Sijaonekana kijiweni hapa kwa wiki mbili, na wengine mmeniuliza kama nimehama mji. Sijahama, ndugu zangu. Kilichokuwa kinahama ni programu ya kompyuta, na kuhama kwake kumenifundisha historia ambayo chuoni sikuipata. Leo nawasimulia.

Kuna ofisi moja ya gazeti naifahamu vizuri sana (jina kapuni, bado nahitaji mshahara). Chini ya meza ya mhasibu palikuwa na kompyuta ya zamani, zile kubwa zenye feni inayovuma kama mashine ya kusaga. Juu yake ilibandikwa karatasi: USIZIME. Ndani yake mlikuwa na programu moja tu ya maana, ile ya kuhesabu malipo ya wawakilishi wetu wa mikoani, wale wanaolipwa kwa stori. Aliyeiandika ni kijana fulani aliyefanya kazi pale miaka mingi iliyopita kisha akaondoka bila kuacha maelezo yoyote. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia mama mhasibu, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Sentensi yake ya pili ilikuwa hii: "Hiyo hapo chini ukiipiga teke ikazimika, tumekwisha."

Basi, umeme ukakatika. Betri ya akiba nayo ilikuwa imechoka. Umeme uliporudi, kompyuta haikuwaka. Siku ya tatu akanipigia mwakilishi mmoja wa kusini: "Kaka, mimi nina stori kumi na nne mle ndani, za miezi miwili. Ada ya mtoto nimeahidi kwa hizo." Nikakosa la kumjibu.

Fundi alipokuja akaifungua, akapuliza vumbi, akauliza programu yenyewe ni ya aina gani. Tulipomwelezea akacheka. "Hiyo ni Visual Basic. Siku hizi vitu hivi vinahamishiwa kwenye JavaScript." Alilisema kirahisi, kama mtu anayesema hamisha gunia kutoka kwenye baiskeli uliweke kwenye pikipiki. Mimi nikabaki na maswali. Kuhama huko kulianzaje? Nani walihama salama, na nani walilala nje?

Tuanze mwanzo. Microsoft walitoa Visual Basic mwaka 1991, na Access, programu ya kutunza kanzidata, mwaka 1992. Kabla ya hapo kuandika programu ya Windows yenye madirisha na vitufe ilikuwa kazi ya wateule wachache. Visual Basic ikaifanya iwe kama kuchora. Unachora dirisha, unaburuta kitufe na kukiweka unapotaka, unakibofya mara mbili, unaandika kitakachotokea mtu akikibonyeza. Kijana mwenye kozi ya miezi sita aliweza kumtengenezea mwenye duka la dawa programu ya kuhesabu bidhaa zake, na ikafanya kazi. Toleo la sita, lililotoka mwaka 1998, likaenea kwenye hospitali, benki, shule, maduka na, naam, magazeti.

Lakini urahisi una bei yake. Ndani ya programu hizi vitu vitatu vilipikwa chungu kimoja: sura inayoonekana, kanuni za kazi, na njia ya kufikia kumbukumbu. Kanuni ya kukata kodi ya zuio? Iko nyuma ya kitufe cha "Lipa". Kanuni kwamba stori ya ukurasa wa mbele inalipwa zaidi? Iko hapo hapo. Nani anaijua? Aliyekiandika kitufe.

Mwaka 2002 Microsoft wakaleta Visual Basic mpya ya .NET, ambayo haikuweza kuupokea msimbo wa zamani ulivyo. Ulihitaji kazi kubwa ya kuuandika upya. Waandishi wa programu walilalamika, na mwaka 2005 baadhi yao wakatia saini ombi la pamoja kutaka lugha yao iendelezwe. Haikusaidia. Aprili 2008 msaada kwa wanaoandika kwa toleo la sita ukakoma. Programu zilizokwisha kuandikwa zimeendelea kufunguka kwenye Windows, lakini ni kama gari ambalo kiwanda chake kimefungwa: linatembea, spea utajijua mwenyewe.

Sasa tuvuke upande wa pili, upande wa JavaScript. Huyu ni mtoto aliyezaliwa kwa haraka. Mei 1995 Brendan Eich, wa kampuni ya Netscape huko California, aliandika lugha ndogo ya kuwekwa ndani ya kivinjari. Alitumia siku 10. Kwanza iliitwa Mocha, kisha LiveScript, na Desemba ya mwaka huo ikapewa jina la JavaScript kwa sababu Java ya kampuni ya Sun ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Jina hilo ni la kibiashara tu. Java na JavaScript zina undugu kama wa kaa wa baharini na kaa la jikoni.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeiheshimu lugha hii. Ilitumika kuhakikisha hukuacha nafasi tupu kwenye fomu, au kuleta maandishi yanayotembea chini ya ukurasa. Kazi nzito ilifanywa na seva. Na hapo ndipo palipokuwa na kero. Tovuti za zamani zilifanya kazi kama mgahawa wenye mhudumu mkaidi. Umeletewa wali maharage, unaomba chumvi; yeye anaichukua sahani nzima, anarudi nayo jikoni, anakuletea sahani nyingine mpya yenye chumvi. Kila ulipobofya, seva iliupika ukurasa wote upya na kuutuma. Wenye umri wa kaka zangu wanakumbuka jinsi walivyolipia dakika za intaneti kafe huku ukurasa ukishuka mstari kwa mstari.

Mwaka 1999 Microsoft, ndani ya Internet Explorer 5, waliweka chombo cha kuiwezesha JavaScript kuomba chumvi peke yake bila kurudisha sahani. Walikihitaji kwa ajili ya barua pepe za Outlook kwenye wavuti. Chombo hicho kilikaa miaka bila kelele kubwa, mpaka Google walipotoa Gmail Aprili 2004 na ramani zao Februari 2005. Watu wakashangaa: ramani unaiburuta kwa kipanya nayo inasogea, ukurasa wala haufumbi macho! Mwezi huo huo wa Februari 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax, na kuanzia hapo kila mtu akawa anataka.

Mambo yakaenda mbio. Mwaka 2006 ikatoka jQuery, iliyowapunguzia waandishi mateso ya vivinjari visivyoelewana. Mwaka 2008 Google wakatoa Chrome, yenye injini iliyoifanya JavaScript iwe na kasi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Mwaka 2009 Ryan Dahl akatoa Node.js, na lugha ya kivinjari ikaanza kufanya kazi hata kwenye seva. Kisha zikaja fremuweki, au tuseme viunzi: AngularJS ya Google mwaka 2010, React ya Facebook mwaka 2013, Vue ya Evan You mwaka 2014. Kiunzi ni nguzo na kenchi zilizokwisha kukatwa. Wewe unaleta udongo na bati. Mwandishi wa programu haanzi tena na msitu.

Kwa meneja wa ofisi sababu za kuhama zilikuwa wazi. Programu ya mezani inamtaka fundi apite kwenye kila kompyuta na fleshi mkononi. Ya kwenye kivinjari unairekebisha mahali pamoja, asubuhi kila mtu anaikuta mpya, awe na Windows, Mac au simu. Hata programu za mezani zenyewe zikaanza kujengwa kwa vifaa vya wavuti. Visual Studio Code ya mwaka 2015, ambayo waandishi wengi wa programu wanaandikia kazi zao, imejengwa juu ya teknolojia ya JavaScript. Na imetengenezwa na nani? Microsoft hao hao wa Visual Basic. Dunia duara.

Haya, tuje kwenye swali la pili: nani walilala nje?

Wa kwanza ni Netscape wenyewe, baba mzazi wa JavaScript. Toleo lao la nne la kivinjari lilitoka mwaka 1997. Mwaka 1998 waliuweka wazi msimbo wao ili kila mtu ausome, na mwaka huo huo wakaamua kwamba msimbo ule ni mchafu mno, heri kuutupa na kuanza upya. Toleo la tano halikutoka kamwe. La sita lilikuja Novemba 2000. Miaka mitatu bila nyumba mpya ya kuwaonyesha wateja! Wakati huo Microsoft walikuwa wanagawa Internet Explorer pamoja na Windows, na walipomaliza ujenzi Netscape walikuta mtaa umehamwa. Aprili 2000, kabla hata toleo la sita halijatoka, Joel Spolsky, mwandishi wa programu wa Marekani, aliandika makala iliyosomwa sana akisema kuandika programu upya kutoka sifuri ni kosa baya kupita yote. Hoja yake ni kwamba mistari inayoonekana michafu kwenye msimbo wa zamani mara nyingi ni viraka vya matatizo ya kweli, kila kimoja kimeziba tundu ambalo mtu fulani aliumia kwalo. Ukiutupa msimbo, umetupa viraka, na matundu yatakurudia moja baada ya jingine.

Tuwatendee haki: ule msimbo mpya ndio uliozaa Firefox, iliyotoka Novemba 2004 na kumtikisa Internet Explorer. Lakini Netscape kama kampuni haikufaidi. Mjukuu ndiye aliyerithi.

Wengine walilala nje kwa kuchelewa. Miaka ya 2000 fomu nyingi za mtandaoni zilijengwa kwa Flash, kitu kilichobandikwa ndani ya kivinjari. Mwaka 2017 Adobe, wenye Flash, walitangaza kwamba itakufa mwisho wa mwaka 2020. Walitoa zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa. Tarehe 31 Desemba 2020 ikafika, na mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na baadhi ya fomu za kodi ndani ya Flash. Wakafanya nini? Januari 2021 wakatoa kivinjari chao maalumu, chenye Flash ndani, ili walipa kodi waweze kujaza fomu zilizobaki. Hebu fikiria: badala ya kuhamisha mzigo kutoka kwenye nyumba inayobomoka, unaijengea nyumba hiyo ukuta wa kuishikilia. Inasaidia kwa muda. Lakini ni gharama, na ni aibu kidogo.

Waliohama salama je? Hapa nimepata kisa kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Mama yako akienda kliniki, yumo ndani ya kisa hiki.

Mwaka 1994 ubaguzi wa rangi uliisha rasmi Afrika Kusini. Serikali mpya ilirithi idara 14 za afya, zilizogawanywa kwa rangi, majimbo na zile nchi bandia walizotengewa weusi. Kila idara na fomu zake. Ukiuliza ni watoto wangapi wamechanjwa wilaya fulani, hakuna mtu mmoja aliyeweza kukujibu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Western Cape, Cape Town na Oslo, Norway, pamoja na wanaharakati wa afya, wakaanzisha mradi wa HISP kwenye wilaya chache za Cape Town. Ndani yake ikatengenezwa programu ya DHIS, mfumo wa taarifa za afya wa wilaya. Iliandikwa kwa nini? Kwa Microsoft Access na Visual Basic. Vitu vile vile vilivyokuwa chini ya meza ya mama mhasibu wetu.

Ilikuwa chaguo la busara kwa wakati wake. Access ilikuwemo tayari kwenye kompyuta nyingi za ofisi, na haikuhitaji intaneti. Kliniki ilijaza karatasi, wilaya ikaingiza namba kwenye kompyuta yake, kisha faili likasafiri kwa diski kwenda mkoani, na kutoka mkoani kwenda taifani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeenea Afrika Kusini nzima, na ulikuwa umevuka mipaka kwenda nchi nyingine. Tanzania nayo ilikuwa na mradi wake wa HISP pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tatizo mnaweza kulikisia. Kila wilaya ina kompyuta yake, kila kompyuta ina ukweli wake. Wilaya ikisahihisha namba baada ya diski kuondoka, mkoa hauna habari. Kirusi kikiingia, kumbukumbu zimekwenda. Toleo jipya likitoka, kuna mtu apande gari apite wilaya kwa wilaya.

Kwa hiyo mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Oslo wakaanza kuandika DHIS2, kwa Java (ile Java yenyewe, kaa wa baharini), yenye msimbo wazi, ya kutumika kwenye kivinjari. Toleo la kwanza lilikwenda kutumika Kerala, India, mwaka 2006, likiwa bado bichi. Kwa miaka kadhaa DHIS ya zamani na mpya ziliishi sambamba. Hakuna aliyeamka asubuhi akakuta ya zamani imezimwa.

Mwaka 2011 Kenya wakafanya jambo ambalo wengi waliliona ni ndoto: waliuweka mfumo wa nchi nzima kwenye seva moja, na wilaya zote zikaingia kwa intaneti, nyingi kwa modemu za mitandao ya simu. Jirani kachangamka, na sisi hatukulala. Sisi tulikuwa na MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenye vile vitabu vikubwa ambavyo kila aliyekaa kwenye benchi la zahanati ameviona: nesi anapiga mistari, mwisho wa mwezi anajumlisha. Kufikia mwaka 2013 jumla hizo za MTUHA zilikuwa zinaingizwa kwenye DHIS2 nchi nzima. Kitabu kilibaki zahanati, namba zikapanda kwenye kivinjari.

Na mtandao ukikatika katikati ya kuingiza takwimu? Hapo ndipo JavaScript ilipothibitisha kwamba si pambo. Watengenezaji waliipa fomu uwezo wa kuzihifadhi namba ndani ya kivinjari chenyewe mtandao ukipotea, na kuzituma ukirudi. Yule mwingizaji takwimu wa wilayani, aliyeshinda siku nzima na lundo la fomu, hapotezi kazi yake ya asubuhi. Mhudumu wa mgahawa amejifunza kukaa na daftari.

Sasa angalia walivyohama mara ya pili, kwa sababu hili ndilo lililonifungua macho. Kurasa za mwanzo za DHIS2 zilipikwa kwenye seva kwa Java, mtindo wa sahani nzima. Majedwali, grafu na ramani zikajengwa kwa Ext JS, mojawapo ya fremuweki za zamani za JavaScript. Programu ya kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja, Tracker Capture, ikajengwa kwa AngularJS. Kuanzia katikati ya muongo wa 2010 wakaanza kuhamia React. Lakini hawakubomoa. Kwanza waliweka mlango mmoja rasmi wa kupitisha takwimu kati ya seva na chochote kilicho nje. Mlango ukishakuwepo, kila chumba kinaweza kujengwa upya peke yake. Wakahamisha chumba cha mipangilio, kikafuata cha grafu, kikafuata kingine. Mara nyingi programu ya zamani na mpya zilikaa pamoja kwa matoleo mengi, mtumiaji akichagua, mpaka mpya ikaweza yote ya muhimu. Mlango huo huo ukawapa vijana wa hapa kwetu nafasi ya kuongeza vyumba vyao wenyewe bila kuomba ruhusa Oslo.

Leo DHIS2 inatumika kwenye nchi zaidi ya 70. Imehama kutoka mezani kwenda kwenye wavuti, na ndani ya wavuti kutoka kiunzi hadi kiunzi, huku wagonjwa wakiendelea kuhesabiwa kila mwezi.

Isitoshe, kuhama hakuna mwisho. Waliokimbilia AngularJS mwaka 2010 wakidhani wamefika, mwaka 2016 waliona Google wakitoa Angular mpya iliyoandikwa upya kabisa, na msaada kwa ile ya zamani ukakoma Desemba 2021. Miaka 11 tu. Ile Visual Basic ya kudharauliwa, programu zake zimedumu kuliko hapo. Kwa hiyo anayekuambia "tukihamia JavaScript tumemaliza" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kiunzi cha leo ni mzigo wa kesho. Swali la maana ni kama nyumba ina mlango, na kama kuna mtu anayejua kanuni zilizomo ndani.

Sasa nirudi kwa mama mhasibu.

Fundi aliitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta nyingine, na faili la Access likafunguka. Tukapiga makofi. Stori kumi na nne za kaka yangu wa kusini zilikuwemo, na tarehe zake. Lakini kila moja inalipwa shilingi ngapi? Kimya. Namba zilitoka, akili haikutoka. Kanuni zilikuwa nyuma ya kitufe, na msimbo wa kile kitufe aliondoka nao yule kijana.

Wakaletwa vijana wawili wa kujenga programu mpya ya kwenye kivinjari, kwa React. Siku ya kwanza walifungua kompyuta zao wakaanza kuchora kurasa nzuri, rangi za gazeti na nembo. Mimi, kwa haya niliyoyasoma, nikawaomba wafunge kwanza. Tukakaa na mama mhasibu na karatasi. "Mama, tueleze. Mtu akileta stori, unafanyaje?"

Alizungumza saa mbili. Tulijaza karatasi tatu. Na kwenye karatasi ya pili akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Programu ya zamani ilikuwa inalipa picha pale tu stori inapotoka ukurasa wa mbele. Miaka mingi iliyopita wahariri walikubaliana picha zote zilipwe. Hakuna aliyeweza kuibadili programu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mama mhasibu aliichapisha orodha, akachukua kalamu, na kuongeza za picha kwa mkono, mtu kwa mtu.

Mnaona hapo? Hata kama tungeupata ule msimbo wa zamani na kuunakili herufi kwa herufi, tungewaibia wawakilishi wote wa mikoani, tena kwa programu mpya inayong'aa. Kanuni haikuwa kwenye kanzidata, wala kwenye Visual Basic. Ilikuwa kwenye kalamu ya mama mmoja anayekaribia kustaafu.

Wale vijana tukawaomba wasihamishe yote kwa mpigo. Wameanza na ukurasa mmoja tu wa kuorodhesha stori. Malipo ya mwezi huu mama ameyapiga mwenyewe kwenye Excel, na mwezi ujao programu mpya itapiga yake, yeye atapiga yake, kisha tulinganishe. Zikitofautiana hata kwa shilingi mia, tunamuuliza mama kabla ya kumlaumu mtu. Zile karatasi tatu zimechapwa na kuwekwa kwenye faili, na nakala nyingine iko kwa mhariri.

Wewe unayesoma hapa, kesho ukifika kazini tazama chini ya meza. Ukiikuta mashine isiyozimwa, usianze kuuliza itahamishiwa lugha gani. Muulize anayeitumia anaongeza nini kwa kalamu, na uandike. Fanya hivyo kabla umeme haujakatika, na kabla hajastaafu.

Ijumaa jioni simu yangu ililia. Ni yule wa kusini.

"Kaka, imeingia. Na picha mbili mmenilipa?"

"Tumekulipa."

"Basi Mungu awabariki. Jumatatu natuma nyingine."